Nani ametoboa jani? Kumtambua mdudu wa bustanini kwa jeraha analoacha

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu bustani huanza hivi: "Nimemwona mdudu mwekundu mwenye madoa kwenye maharage, nipulizie dawa gani?" Anayeuliza ameshahukumu kabla ya kupeleleza. Mdudu unayemkuta saa nne asubuhi juu ya jani lililotoboka huenda ametua tu kupumzika, au amekuja kuwala wale waliolitoboa. Aliyelitoboa yumkini yuko chini ya udongo, vidole viwili kutoka shinani, amejikunja akisubiri giza.

Kwa hiyo anza na jeraha. Mdudu huruka, hujificha, hubadilika umbo kutoka kiwavi hadi nondo. Jeraha hubaki pale pale, na kila kinywa kina alama yake. Wadudu wenye taya za kutafuna, kama viwavi, mbawakawa na panzi, huondoa kipande cha jani. Wenye mrija mithili ya sindano, kama vidukari, nzi weupe na kunguni wa mimea, hawaachi tundu la kuonekana. Hunyonya majimaji ya mmea, na jani hubadilika rangi, hunata au hujikunja. Ukishajua kama ni mtafunaji au mfyonzaji, umeshawaondoa nusu ya washukiwa kwenye orodha.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10 (kamera ya simu nayo husaidia sana), karatasi nyeupe, tochi, na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Kila unapokagua, geuza jani. Mambo mengi ya bustanini hutendeka upande wa chini wa jani, ambako hakuna jua wala ndege.

Kwanza: ni mdudu kweli?

Si kila jani la manjano lina mdudu. Majani ya chini yakianza kupauka yote kwa pamoja huku machipukizi yakibaki kijani, mara nyingi mmea unalilia naitrojeni. Kitako cha nyanya kikiwa cheusi, kimebonyea na kukauka kama ngozi, tatizo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na kwa kawaida chanzo ni umwagiliaji wa leo mwingi, kesho hakuna. Hakuna dawa ya wadudu itakayotibu hayo.

Uharibifu wa wadudu huwa hauna mpangilio: jani hili limeliwa, la jirani yake zima. Tena mdudu huacha ushahidi mwingine kando ya jeraha, yaani kinyesi, ngozi aliyojivua, mayai, utando au utomvu. Usipokiona hata kimoja kati ya hivyo, acha kinyunyizi mahali pake na uendelee kuangalia.

Majani yana matundu au yameliwa pembeni

Hapa umbo la tundu linasema mengi, lakini kinyesi husema zaidi.

Matundu makubwa yasiyo na umbo maalumu, na juu ya majani ya chini kuna vipunje vya kijani kilichokolea au vyeusi kama baruti: huyo ni kiwavi. Vipunje hivyo hudondoka, kwa hiyo usimtafute kiwavi pale ulipoviona, inua macho utazame majani yaliyo juu yake. Chukua kipunje kimoja ukibinye. Kikiwa laini na chenye unyevu, mwenyewe hayuko mbali, amekula muda si mrefu. Kikiwa kikavu na kinavunjika, huenda ameshahama au ameshaingia udongoni kuwa bundo, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo. Hapo kupuliza dawa ni kuadhibu jani tupu.

Kwenye kabichi na jamii yake kuna jeraha la pekee. Badala ya tundu unaona kidirisha: nyama ya jani imeliwa kutoka chini, ngozi ya juu imebaki nyembamba, inapitisha mwanga kama karatasi ya mafuta. Hiyo ni kazi ya kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Kumthibitisha ni rahisi, mguse kwa ncha ya kijiti. Atajipinda kwa fujo, atarudi kinyumenyume, na mara nyingi atajiachia akaning'inia kwa uzi mwembamba wa hariri. Viwavi wengi wengine wa kabichi hawana tabia hiyo.

Kwenye mahindi machanga, vidirisha kama hivyo pamoja na unga mwingi unaofanana na vumbi la mbao ndani ya moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza, vinamwonyesha kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika aliyeripotiwa barani Afrika mwaka 2016. Mtoe umtazame kwa lenzi. Usoni ana alama ya rangi hafifu kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Angalia alama zote mbili, kwa sababu viwavi wengine nao huwa na mchoro usoni.

Tahadhari moja hapa. Si kila kinachotambaa kwa sura ya kiwavi ni mtoto wa nondo au kipepeo. Hesabu miguu minono ya tumboni, ile iliyo nyuma ya miguu sita ya kweli. Kiwavi halisi ana jozi zisizozidi tano. Ukihesabu sita au zaidi, huyo ni lava, yaani mtoto, wa nyigu-msumeno, jamaa wa nyigu na nyuki. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa dawa za bakteria wa Bacillus thuringiensis zilizotengenezwa kwa ajili ya viwavi hazimdhuru lava huyo. Watu wengi hulaumu dawa kuwa ni feki, kumbe wamekosea mgonjwa.

Vitundu vidogo vingi vya mviringo, kana kwamba jani limepigwa marisau, ni vya mbawakawa wadogo wanaoruka kama viroboto. Pitisha mkono karibu na mmea: wakichupa pande zote, umewapata. Miche ndiyo huumia. Mmea uliokwisha komaa huwastahimili.

Ukiona pembeni mwa jani la waridi kumekatwa nusu duara safi, laini kama kwa mkasi, usitafute dawa. Ni nyuki mkata-majani. Hali jani, bali hulibeba kujengea vyumba vya watoto wake, na anakulipa kwa kuchavusha maua yako.

Matundu yenye kingo za mawimbi na mchirizi wa ute unaong'aa ni ya konokono au koa, ambao si wadudu. Na kama hakuna ute, hakuna kinyesi wala mtu mchana kutwa, toka na tochi saa mbili baada ya jua kuzama. Nenda polepole, bila kutikisa mmea, maana mbawakawa wengi hujiangusha chini wakihisi mtikisiko. Dakika kumi za usiku zimenifundisha zaidi ya wiki nzima ya kukagua mchana.

Mche umelala chini asubuhi

Jana ulikuwa umesimama, leo umekatwa sawasawa na udongo na jani lake halijaliwa hata kidogo. Huyo ni sota. Fukua taratibu kwa kidole kuzunguka shina, sentimita mbili hadi tano kwenda chini. Utamkuta kiwavi mnene wa kijivu au kahawia, mwenye ngozi ya kung'aa kidogo, amejikunja kama herufi C. Mwondoe siku hiyo hiyo, la sivyo kesho ataangusha mche wa pili katika mstari ule ule. Miche inayobaki izungushie ukosi wa karatasi ngumu, uzamishwe udongoni kidogo na kupanda sentimita kadhaa juu.

Mche ukiwa umelegea na shina limekuwa jembamba na jeusi kwenye usawa wa udongo, bila kukatwa, hapo ni kuvu wa kuozesha miche. Punguza maji.

Majani yamejikunja, yananata, au yamepakwa masizi

Gusa jani kwa kidole. Likinata, kuna mfyonzaji kwenye majani yaliyo juu yake. Majimaji ya mmea yana sukari nyingi na protini chache, kwa hiyo mdudu hulazimika kunywa mengi kupita kiasi na kuitoa sukari iliyobaki kama matone. Matone hayo huangukia majani ya chini, kisha huotwa na ukungu mweusi unaofanana na masizi. Watu huupiga vita ukungu. Lakini ukungu huo hauli jani, unakula sukari tu; mwondoe anayeidondosha nao utaisha.

Sisimizi ni wapelelezi wazuri hapa. Wakipanda na kushuka shina kwa msururu, wafuate hadi wanakosimama. Hawali mmea, wanakwenda kukusanya ule utamu, na kwa ajili yake huwafukuza wadudu ambao wangewala wafyonzaji. Ukitaka walaji hao wafanye kazi, zuia kwanza msafara wa sisimizi.

Mwisho wa msafara utakuta mmoja kati ya hawa wanne.

Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hujazana kwenye chipukizi laini, na jani hujikunja kuwafunika. Wanaweza kuwa kijani, weusi, manjano au waridi, kwa hiyo rangi isikudanganye. Tazama nyuma ya mgongo kwa lenzi: kuna vijibomba viwili vimechomoza kama mabomba ya moshi. Wakati wa joto jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na watoto hao huweza kukomaa kwa takribani wiki moja. Ndiyo maana Jumatatu unaona watatu na Jumatatu nyingine chipukizi zima limefunikwa. Chembe nyeupe zilizotapakaa kati yao ni ngozi walizojivua, na wengi huziona wakadhani wamevamiwa na nzi weupe.

Nzi weupe wenyewe huthibitika kwa mtikiso mmoja: tikisa mmea, wingu dogo jeupe litanyanyuka kisha litatua tena. Licha ya jina, si nzi, ni ndugu wa vidukari, na watoto wao wamebanana chini ya jani kama vigamba visivyotembea. Nyanya ikiwa na nzi weupe na machipukizi yake yamedumaa, yamekunjika kwenda juu kama kikombe huku kingo zikiwa manjano, kuna uwezekano wameshaleta virusi. Mmea huo hautapona. Ung'oe kabla hawajaondoka nao kwenda kwa jirani yake.

Vidung'ata wanaonekana kama pamba iliyosahauliwa kwenye maungio ya majani. Wadudu gamba wao hufanana na upele wa mti. Ukiukwangua kwa ukucha, ukibanduka mzima na kuacha majimaji, ni mdudu, ukigoma, huenda ni sehemu ya gome.

Kwa vidukari, maji yenye nguvu kutoka kwenye mpira kila baada ya siku mbili tatu hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani wengi wanaoangushwa hawarudi. Maji ya sabuni, mililita 10 za sabuni ya maji isiyo kali katika lita 1, huua yule tu anayeloweshwa, kwa hiyo pulizia chini ya majani, jioni. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku moja, maana baadhi ya mimea huungua.

Jani limepauka kwa vidoti

Vidoti vyeupe au vya manjano vidogo kama vilivyochomwa kwa pini, na jani zima linaanza kuonekana la vumbi: washukiwa ni utitiri au vithiripi. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu, subiri. Vidoti vikianza kutembea, vitazame. Utitiri wana nusu milimita tu, mwili wa mviringo na miguu minane, kwa hiyo si wadudu bali jamaa wa buibui. Wapitishe kidole: wakiacha mstari wa rangi ya kijani au kutu, walikuwa wakila mmea wako. Wakizidi husuka utando mwembamba kati ya majani. Hupenda joto na ukavu, na dawa nyingi za wadudu haziwadhuru ilhali huwaua wanaowala. Nimeona mimea ikizidi kuwa mibaya wiki mbili baada ya kupuliziwa kwa sababu hiyo hiyo.

Vithiripi ni wembamba na warefu kidogo, milimita 1 hadi 2, kama vipande vya uzi vinavyokimbia. Jeraha lao hung'aa kama fedha, limenyunyiziwa nukta nyeusi za kinyesi. Hujificha ndani ya maua. Fungua ua moja juu ya karatasi, utawaona.

Jani limechorwa mistari

Mstari mweupe unaopinda kama njia ya nyoka, unaoanza mwembamba na kupanuka, ni njia ya kidomozi. Mara nyingi ni buu wa nzi mdogo aishiye kati ya ngozi mbili za jani, na upana wa njia ni ukuaji wake. Inua jani dhidi ya jua: ukimwona kwenye ncha pana, mbinye hapo hapo. Njia ikiwa tupu ameshatoka, na jani linaweza kuachwa. Dawa inayobaki juu ya jani haimfikii.

Kwenye nyanya, kukiwa na mabaka mapana yenye kinyesi cheusi ndani yake badala ya mstari, mfikirie Tuta absoluta, nondo wa asili ya Amerika Kusini ambaye wakulima wengi humwita kantangaze. Huyo huingia hadi kwenye tunda na shina. Majani yake yasiachwe chini, yafungwe kwenye mfuko na kuondolewa bustanini.

Mmea unanyauka na udongo una maji

Angalia shina kwanza. Tundu lenye unga kama wa msumeno mdomoni mwake ni la bungua aliyemo ndani. Shina likiwa zima, ng'oa mmea mmoja uliozidiwa uchunguze mizizi. Mafunza meupe, manene, yaliyojikunja C na vichwa vya kahawia ni watoto wa mbawakawa. Vinundu kwenye mizizi vinaweza kuwa vya minyoo fundo, lakini kama ni maharage, jaribu kuvikwangua kwa kidole: vikitoka kirahisi na ndani vina rangi ya waridi, hivyo ni vifundo vya bakteria wanaoutafutia mmea naitrojeni. Uvimbe wa minyoo hautoki, ni mzizi wenyewe uliovimba.

Tunda limetobolewa

Alama ndogo ya kuchomwa, tunda linalainika mapema na ndani mna funza weupe wasio na miguu: nzi wa matunda. Okota kila tunda lililoanguka, maana funza hutoka humo na kuingia udongoni. Tundu pana lenye kinyesi ni la kiwavi. Madoa meupe magumu chini ya ngozi ya nyanya, bila tundu, ni ya kunguni wa mimea waliochoma na kunyonya.

Wanaouawa bure

Miaka ya mwanzo ya bustani yangu nilikuta kwenye maharage wadudu weusi, warefu, wenye miiba laini na madoa ya rangi ya machungwa, sura kama mamba wadogo. Niliwaponda wote, mmoja mmoja, asubuhi moja. Baada ya siku kumi vidukari walikuwa wamefunika kila ua. Wale niliowaponda walikuwa watoto wa mdudu-kibibi, na kila mmoja angekula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa. Bado inaniuma, ndiyo maana sehemu hii naomba uisome mara mbili.

Mayai ya manjano yaliyosimama wima kwa kundi karibu na vidukari huwa ni ya mdudu-kibibi. Yai moja moja lililo juu ya unywele mwembamba ni la mdudu mwenye mbawa za kimia, ambaye lava wake ni mlaji mkali. Kijidudu kama koa kisicho na miguu, kinachojiburura katikati ya vidukari, ni buu wa nzi wa maua. Kidukari aliyevimba, mkavu, rangi ya shaba na tundu la mviringo mgongoni ameuawa na nyigu mdogo aliyekulia ndani yake. Na kiwavi aliyebeba vifuko vyeupe kama punje za mchele usimguse: atakufa mwenyewe, na nyigu watakaotoka watawinda wenzake.

Sasa turudi kwa yule mwekundu wa kwenye maharage. Mwenye mgongo laini unaong'aa, aliye karibu na vidukari, ni mdudu-kibibi, na ni rafiki. Lakini wapo wa ukoo huo huo wanaokula majani. Hao hawang'ai, wamefunikwa vinyweleo vifupi, mara nyingi wana madoa mengi, na watoto wao ni manjano wenye miiba yenye matawi. Jeraha lao ni jani lililokwanguliwa hadi kubaki wavu wa mishipa. Ndiyo maana unapaswa kulitazama jani kabla ya kumtazama yeye.

Ukishindwa kabisa

Mweke kwenye ile chupa pamoja na jani la mmea ule ule uliomkutia, funika kwa kitambaa chepesi, mbadilishie jani kila siku. Chini weka udongo wenye unyevu kidogo, kina cha vidole viwili, kwa kuwa wengine hawawezi kugeuka bila kujifukia. Akila, ni mla majani. Asipogusa jani siku mbili, mtupie vidukari wachache uone. Akigeuka bundo, andika tarehe na usubiri. Mkubwa atakayetoka ni rahisi kumtambua kuliko mtoto, na jeraha la msimu ujao hutalibahatisha tena.